Taa Ilikuwa Inawaka

Kazini walimwita mume wangu Sekunde, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Watu wengine wakitaka uwasubiri wanasema ngoja kidogo, nakuja sasa hivi, na hiyo sasa hivi yao unaweza kupika maharage yakaiva. Yeye alikuwa anasema, "Ngoja sekunde arobaini." Na ukihesabu, arobaini hazijaisha, amekwisha kufika. Nilipoolewa naye nilidhani ni mbwembwe za kunivutia tu, zitakwisha tukizoeana. Hazikuisha. Hata mayai aliyachemsha kwa kuhesabu kwa mdomo, na ole wako umsemeshe akiwa katikati.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Si zile programu za kwenye simu ambazo kila mtu anazijua. Zake ziliingia ndani ya visanduku vidogo vinavyoendesha mashine: pampu ya maji, mashine ya kutotolea vifaranga, jokofu la duka la dawa, lango linalofunguka lenyewe. Walikuwa wanne katika vyumba viwili juu ya duka la rangi, na kila jioni alirudi nyumbani akinuka rangi ilhali hajawahi kushika brashi. Meza yake ilikuwa ya dirishani. Juu yake palikuwa na kompyuta mbili, bodi ndogondogo za visanduku vile zilizolala chali na nyaya zake zikiwa nje, na kikombe ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukiosha.

Mimi nina duka la fotokopi, na hayo ya C nimeyajua kwa kusimuliwa mezani, mwaka baada ya mwaka, nipende nisipende. Nitayaeleza kama nilivyoyaelewa. Mashine yoyote inayofanya kazi kwa zamu inahitaji mambo mawili: kujua sasa ni saa ngapi, na kulala kwa muda fulani kabla ya kuamka na kufanya zamu nyingine. Ndivyo wanavyosema wenyewe, kwamba programu inalala. Balaa ni kwamba kila aina ya mashine ina namna yake ya kuulizwa saa na namna yake ya kuambiwa lala. Moja unaiambia ilale kwa sekunde, nyingine kwa vipande elfu vya sekunde. Ile bodi ndogo haina hata saa ya kueleweka, inahesabu tu tangu ilipowashwa. Ukichukua programu ya mashine moja ukaihamishia nyingine bila kuangalia, iliyotakiwa kulala dakika inaweza kulala mpaka kesho.

Sekunde aliandika faili moja ya kumaliza usumbufu huo. Ilikuwa na fanksheni mbili tu, yaani vipande viwili vya programu, cha kusoma saa na cha kulala, na popote ulipozipeleka zilifanya kazi bila kubadilishwa hata herufi. Alizipa majina ya Kiswahili, saa_sasa na lala_kwa. Wenzake walimcheka wiki nzima, halafu wote wakaanza kuzitumia. Kwa miaka tisa faili ile iliingia katika kila kisanduku kilichotoka ofisini kwao. Nilikuwa namtania kwamba angeokoa faili ile kwanza nyumba ikiungua, halafu ndiyo akumbuke kuna mke. Alicheka, lakini hakukanusha.

Baba yake alikuwa msoma mita za maji. Alizunguka mitaa ileile kwa miaka thelathini na daftari kwapani, akainama kwenye mashimo ya mita mpaka mgongo ukabaki umejikunja kidogo hata akiwa amesimama. Alikuwa mtu wa maneno machache na mzaha mkavu. Siku ya kwanza nilipopelekwa nyumbani kwao alinitazama, akamwambia mwanawe, "Huyu anaonekana ana akili. Sasa kwako amefuata nini?" Nilimpenda hapohapo. Mama mkwe sikumkuta, alikuwa amefariki zamani, na mwenye nyumba hasa alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa Sekunde, fundi cherehani. Ndiye aliyemlea mume wangu tangu akiwa na miaka sita. Alimfulia, akamkagulia madaftari ya shule, akamchapa ilipobidi. Yeye mwenyewe hakuolewa, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.

Baba alipopatwa na kiharusi, upande wa kulia wote ukafa na maneno yakabaki mawili matatu. Wifi alifunga cherehani yake na kuhamia chumbani kwa Baba. Hospitali walimweleza kwamba mgonjwa wa namna ile lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, la sivyo ngozi ya mgongo inaoza akiwa hai. Basi wifi akatega simu imwamshe kila saa mbili. Alifanya hivyo miezi saba. Alipungua mpaka gauni likawa linamning'inia, na akawa anasinzia kijiko kikiwa mkononi. Nilikwenda kumpokea zamu mwisho wa wiki, lakini nisijipambe, mwisho wa wiki ni siku mbili tu.

Sekunde aliona, na roho ilimuuma. Kuna magodoro ya hewa yanayouzwa kwa ajili ya wagonjwa hao, lakini bei yake haikuwa yetu. Akaamua kutengeneza. Alipanga mirija ya mpira kwa upana wa kitanda, akafunga pampu ndogo ya hewa na kisanduku chenye bodi. Mirija ya kwanza, ya tatu na ya tano inajaa, mingine inapungua, halafu baada ya dakika kumi inabadilishana, ili mwili usilalie pale pale. Aliongeza betri ya gari ili umeme ukikatika isisimame. Programu aliijaribu siku tatu kwenye kompyuta yake, halafu akaihamishia kwenye bodi pamoja na faili yake ya saa na kulala, bila kubadilisha kitu. Mbele ya kisanduku aliweka swichi moja na taa moja ndogo ya kijani.

Siku aliyoifunga nilikuwepo. Kisanduku kilikaa chini ya kitanda, kimezungushiwa blanketi ili mlio usimsumbue Baba, taa na swichi tu zikiachwa nje. Baba alilazwa juu yake, mirija ikapumua chini ya mgongo wake, na upande mmoja wa uso wake ukacheka. Wifi aliuliza kama aendelee kumgeuza kwa mkono walau mchana. Sekunde alimshika mabega.

"Hapana, Dada. Ukimgeuza unahamisha uzito, mirija haifanyi kazi sawasawa. Muogeshe, mlishe, mengine iachie mashine. Taa hii ikiwaka, jua inafanya kazi. Wewe lala."

Wifi alilala. Nakumbuka wiki zile kama wiki za sherehe, maana alinenepa kidogo na akarudi kutusema. Alinisema kwa chumvi, kwa nywele, kwa kuchelewa kufungua duka. Ngozi ya Baba ilikuwa safi kama ya mtoto. Muuguzi aliyekuja kila mwezi kumtazama aliuliza ni nani aliyetengeneza godoro lile, na wifi akamjibu, "Ni mdogo wangu," kwa sauti ambayo sijamsikia akiitumia kwa jambo lake mwenyewe hata mara moja.

Kama miezi miwili baadaye, Ijumaa asubuhi, wifi alipiga simu. Alipokuwa akimuogesha Baba ameona ngozi ya chini ya mgongo imefunguka. Tulifika sote, na muuguzi tukamwita. Vilikuwa vidonda viwili, kimoja cha kiunoni na kingine karibu na nyonga, na cha kiunoni kilikuwa na weusi katikati. Muuguzi alisema mgonjwa huyu amelalia mahali pamoja siku kadhaa. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, akafunga begi lake, akaandika barua ya hospitali.

Sekunde alipiga magoti akavuta kisanduku kutoka chini ya kitanda. Mirija ilikuwa imetulia. Alizima swichi, akaiwasha. Pampu ikaunguruma palepale, mirija ikaanza kubadilishana. Alikaa sakafuni na saa mkononi kwa muda wa saa nzima, sisi tumesimama, na mashine ikabadilisha mara sita bila kukosea hata sekunde. Aliposimama, uso wake ulikuwa umebadilika. Ninaujua uso ule. Ni uso anaokuwa nao akishapata jibu la hesabu.

"Dada, uliizima," alisema.

Wifi alisema hakuizima. Aliwahi kuizima mara moja tu, zamani, mrija ulipochomoka, na Sekunde mwenyewe ndiye aliyemwelekeza kwa simu azime, aupachike, awashe.

"Basi umezima tena ukasahau kuwasha."

"Taa ilikuwa inawaka," wifi alisema. "Naitazama kila siku. Ilikuwa inawaka."

"Haiwezekani. Taa haiwezi kuwaka mashine ikiwa imesimama. Nimeitengeneza mimi, Dada, naijua." Na wifi alipotaka kusema tena, akamkata. "Nilikutengenezea upumzike. Sikukutengenezea ili umsahau Baba."

Mimi nilikuwa mlangoni na beseni la maji mikononi. Nilimjua wifi yangu miaka kumi na moja, mwanamke asiyesahau hata kifungo cha shati la mteja. Nilijua hawezi kusahau. Na bado nikasema moyoni, mume wangu ndiye anayeijua mashine. Nilikwenda kumwaga maji, nikakaa nje muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Baba aliishi wiki tano hospitalini. Vidonda vilikula mpaka mfupa, kisha sumu ikaingia kwenye damu, na akafa siku ya Alhamisi, mchana, wifi akiwa pembeni yake. Kwenye msiba jambo lile lilikuwa limekwisha kuenea. Shangazi yao, ambaye ulimi wake haujawahi kupata likizo, alikuwa akieleza kila anayeingia kwamba mashine ilikuwepo, nzuri, ya kisasa, ila tu ilizimwa. Hakutaja aliyeizima. Hakukuwa na haja, maana aliyekuwa akimuuguza alikuwa mmoja tu. Wifi alikaa kona ya jikoni siku zote zile akiosha vyombo, na watu walimwachia nafasi kubwa kuliko mtu mmoja anavyohitaji.

Baada ya hapo hakukaa tena katika nyumba ile. Alipanga chumba mtaa mwingine, akafungua cherehani yake kwenye kibaraza cha mafundi wanaoshona sare za shule. Kwetu alikuja mara chache, akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Mwanzoni, mtu akiligusa jambo lile, alikuwa anasema taa ilikuwa inawaka. Baadaye akawa anasema, labda sikuona vizuri. Na mwaka wa pili nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia shangazi, "Niliizima nikasahau, Mungu anisamehe," kwa utulivu wa mtu anayeeleza njia ya sokoni. Nilidhani amepata amani. Nilifurahi kwa ajili yake, mjinga mimi.

Sasa ofisini kwa akina Sekunde walikuwa na dawa moja ya kila malalamiko. Mteja akipiga simu kwamba kisanduku kimegoma, wanamwambia zima, kisha washa. Hata mimi mashine zangu za fotokopi natibu hivyohivyo. Kisanduku kikishawashwa upya kinafanya kazi, mteja anashukuru, simu inakatwa, na hakuna anayejiuliza. Lakini ilikuwepo shule moja yenye kisima, na pampu yake iliendeshwa na umeme wa jua wenye betri kubwa, kwa hiyo haikuzimika hata siku moja. Karani wa shule hiyo alikuwa mwanamke wa kuandika kila kitu. Alipiga simu mara ya tatu, akapokea Sekunde, akaambiwa zima kisha washa.

Karani akasema atawasha, lakini kwanza naye asikilizwe. Pampu imesimama mara tatu, na tarehe zote anazo. Kati ya mara moja na nyingine ni karibu siku hamsini, haizidi wala haipungui zaidi ya siku moja. Halafu akasema jambo ambalo Sekunde alinirudia neno kwa neno: "Na kinachonishangaza, fundi, taa ya kijani inawaka, lakini pampu imelala."

Sekunde aliingia dukani kwangu saa sita mchana, wateja wamepanga foleni. Sikumtambua mara moja. Aliuliza daftari la dada yake liko wapi. Nilijua anasema lipi. Wifi alipokuwa akimuuguza Baba aliandika kila kitu katika daftari la shule, na baada ya msiba lilikuja kwetu pamoja na nguo za Baba, ndani ya sanduku la bati. Miaka miwili tulilifungua sanduku lile kutafuta hili na lile, daftari tuliliona, na hakuna hata mmoja wetu aliyelifunua. Niliwaomba wateja radhi nikafunga duka.

Tulikaa sakafuni chumbani, sanduku kati yetu. Wifi alikuwa amepiga mistari kwa rula: uji, dawa, choo, kuoga, na mstari wa mwisho ameandika taa. Chini ya taa kulikuwa na vema tatu kila siku, asubuhi, mchana na jioni. Sekunde alirudi nyuma kurasa nyingi mpaka akapata Jumatatu moja: mrija umechomoka, nimezima, nimepachika, nimewasha saa nne kamili asubuhi. Akachukua kalenda na kuhesabu. Alihesabu mara tatu. Siku arobaini na tisa na saa kumi na saba zilimpeleka mpaka Jumanne alfajiri, siku tatu kabla ya ile Ijumaa. Tulitazama Jumanne, vema tatu. Jumatano, vema tatu. Alhamisi, vema tatu, na pembeni kwa mwandiko mdogo: wekundu kidogo kiunoni, nimempaka mafuta. Ijumaa kulikuwa na vema moja, kisha karatasi tupu.

Nilimwomba anieleze, na alinieleza akiwa amefumba macho. Bodi ile ndogo huhesabu vipande elfu vya kila sekunde, na ina nafasi ya namba bilioni nne na ushee tu. Ikifika mwisho wa nafasi yake inarudi sifuri na kuanza upya, na huo mwisho ni siku arobaini na tisa na saa kumi na saba tangu iwashwe. Kwenye kompyuta zake nafasi ni kubwa mno, hata vitukuu wetu wasingeuona mwisho wake, kwa hiyo alipoandika fanksheni yake hakufikiria. Fanksheni ilisoma saa, ikaongeza dakika kumi, ikalala mpaka saa itakapofika kwenye namba hiyo. Zilipobaki dakika chache kabla ya mwisho, jumla ikawa namba ambayo bodi haiwezi kuifikia. Bodi ikarudi sifuri, na programu ikaendelea kusubiri saa ambayo haitafika kamwe. Ukizima na kuwasha, hesabu inaanza upya na kosa linajificha siku nyingine hamsini. Ndiyo maana siku ile tuliisimamia saa nzima tukaiona nzima.

"Na taa?" nikauliza.

"Taa niliiunga kwenye umeme moja kwa moja. Haikuwa na habari na programu. Ilikuwa rahisi hivyo."

Halafu akaniambia kitu kilichomvunja kabisa. Mita za maji za zamani zilikuwa na tarakimu nne. Zikifika elfu tisa mia tisa tisini na tisa zinarudi sifuri, na msomaji asiyejua ataandika kwamba nyumba imerudisha maji bombani. Baba alimwonyesha hilo akiwa darasa la nne, akizunguka naye mitaani wakati wa likizo, na namna ya kutoa na kupata jibu sahihi hata mita ikisharudi. "Nilikuwa naijua hesabu hii, mke wangu," alisema. "Nilifundishwa na yeye."

Ungedhani atakimbilia kwa dada yake siku ileile. Hakwenda. Alirekebisha faili kwanza, akapiga simu kwa kila mteja aliyekuwa na kisanduku, akawatumia programu mpya. Hiyo ilikuwa haki, sikatai. Lakini siku kumi na moja zilipita, na kila asubuhi alikuwa na sababu. Mara anasema dada amekwisha sahau, tusimtoneshe kidonda. Mwanaume mzima, amekaa mbele ya chai iliyopoa, anamwogopa mshona sare. Siku ya kumi na moja nilimwambia kama haendi yeye, nakwenda mimi, na nitaeleza yote, pamoja na hizo siku kumi na moja. Akavaa viatu.

Wifi alikuwa kibarazani, wa tatu kutoka mwisho, kati ya mafundi sita. Mbele yake kulikuwa na rundo la sketi za bluu zisizo na mikanda. Alituona, akatutafutia viti, akaendelea kushona maana shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Sekunde hakukaa. Aliongea amesimama, daftari mkononi, na aliongea bila kujitetea, hilo nampa. Alieleza namba, alieleza taa, alieleza kwamba yeye ndiye aliyekosea na kwamba alichomwambia siku ile mbele ya kitanda cha Baba kilikuwa uongo, ingawa hakujua. Cherehani ilikuwa inakwenda muda wote. Mkanda mmoja ukaisha, akachukua mwingine.

Kisha akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Kwa hiyo taa ilikuwa inawaka," alisema.

"Ilikuwa inawaka, Dada. Uliandika kila siku."

Alilichukua daftari, akalifunua mahali pale, akatazama mwandiko wake kama unavyotazama picha ya mtu unayemfahamu ila jina limekutoka. Nilitegemea atalia, au atamtukana. Alikuwa na haki ya kumtukana mpaka jioni. Badala yake aliuliza polepole, "Mbona nakumbuka nikiizima?"

Alinyoosha kidole chake cha shahada, akakitazama.

"Nakumbuka kabisa, mdogo wangu. Kidole changu na swichi. Nakumbuka hata nilikuwa nimevaa nini." Alifunga daftari, akaliweka juu ya sketi. "Nilimwambia Baba. Kule hospitali, siku mbili kabla hajafa. Nilimwambia, Baba, ni mimi niliyezima nikasahau, nisamehe. Alinitazama tu. Hakuweza kusema, lakini alisikia, maana machozi yalimtoka kwenye lile jicho zima. Alikufa akijua ni mimi."

Sekunde alishuka chini, magoti kwenye vipande vya uzi, akashika miguu ya dada yake pale kwenye kanyagio. Alikuwa analia kwa sauti, na cherehani zote za kibaraza kile zilikuwa zimesimama. Wifi aliweka mkono kichwani kwake, akamwacha alie. Macho yake mwenyewe yalikuwa makavu.

"Mimi umeniambia," alisema. "Sasa Baba naye, nani atamwambia?"

Baadaye alimwinua, akamfuta suruali nyuzi zilizomganda, kama alivyokuwa akimfuta vumbi kabla ya kwenda shule, akatuambia twende kwa sababu ana sketi thelathini.

Sekunde alimwendea shangazi na kila jamaa, mmoja mmoja, akawaeleza. Wengine hawakuelewa hesabu, lakini walielewa kilio. Wifi siku hizi anakuja kwetu kila Jumapili, anakaa katikati ya kiti, ananisema kwa chumvi. Mwaka jana nilijifungua binti, na yeye ndiye aliyemshonea nguo zote. Humbeba, humwimbia, humpaka mafuta, mradi mmoja wetu awe chumbani.

Jumapili iliyopita chumvi yenyewe ilikwisha. Sekunde alikuwa kazini, mtoto amelala kitandani, duka la vyakula liko hatua chache tu kutoka mlangoni. Nilimwambia, wifi, mwangalie huyu, sekunde hamsini nitakuwa nimerudi. Aliinuka palepale, akamchukua mtoto kwa mikono miwili akiwa bado usingizini, akamweka mgongoni kwangu na kunifunga kanga, akakaza fundo na kulijaribu mara mbili.

"Nenda naye, wifi," alisema, na kunifungulia mlango.